Liguru, Nyumba Kumi, rizavu: nani ana mamlaka gani mtaani?

Jirani yangu hapa Kaptembwo, Nakuru, alinibishia mlango saa tatu usiku, leso ameifunga juu ya nguo za kulalia. Mwanawe wa miaka kumi na tisa alikuwa amefungiwa katika stoo ya duka, si mbali na kwetu, akidaiwa kuiba mtungi wa gesi wa kilo sita. Waliomfungia hawakuwa polisi. Walikuwa "watu wa kamati". Walimwambia mama alete shilingi elfu nane, la sivyo kijana angeachiwa umati. Mama yule hakuniuliza kama nadhani mwanawe ameiba. Aliniuliza, "Mwalimu, hawa watu wana ruhusa ya kufanya hivi?"

Swali kama hilo nimeulizwa Kisumu, nikaulizwa na kwetu Lurambi, Kakamega, na kila mara jibu huwa refu. Mitaani na vijijini mwetu kuna watu wengi wanaosaidia kazi ya polisi bila kuwa polisi. Tumewazoea hata tunawaita wote kwa jina moja, wazee au kamati, ilhali kila mmoja amepitia mlango wake wa kisheria, na wengine hawakupitia mlango wowote.

Aliye karibu nasi zaidi ni mzee wa mtaa. Kwetu Magharibi tunamwita liguru. Cheo chake kina umri mkubwa. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya wakuu wa vijiji mwaka 1902, mwaka uleule ambao Nyanza na Magharibi zilitolewa Uganda zikaunganishwa na nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Tangu hapo dola imemtegemea mtu wa kijijini anayejua nani kaoa wapi, nani anagombania mpaka na nani, na ng'ombe wa nani ana alama gani sikioni. Chifu na naibu wake ni watumishi wa umma, wana mshahara na sare. Liguru kwa miaka mingi amefanya kazi bila mshahara, na ahadi ya kumpa posho amekuwa akiisikia barazani tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Ana kazi ya kupeleka habari kwa chifu, kuita watu, kutambua wakaazi na kutuliza ugomvi. Hana seli, hana pingu, wala hana uwezo wa kutoza faini.

Nyumba Kumi ni jambo jipya zaidi, ingawa jina lake ni la zamani. Tanzania ilikuwa na mabalozi wa nyumba kumi tangu miaka ya 1960, mashina ya chama cha TANU. Kenya ililichukua jina hilo baada ya shambulizi la kigaidi katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013. Serikali ya Rais Uhuru Kenyatta iliutangaza mpango huo na Joseph Kaguthi, mkuu wa mkoa wa zamani, akawekwa kuusukuma. Kumi hapa si hesabu. Kundi linaweza kuwa ploti moja ya vyumba thelathini huko Rhonda, Nakuru, mstari wa vibanda Kibuye, Kisumu, au boma kadhaa zinazochota maji mto mmoja. Kinachotakiwa ni majirani wajuane na wawe na mtu wa kumfikishia habari wanapoona jambo lisiloeleweka. Kujuana na kufikisha habari ndiyo kazi yote, na si kazi ndogo. Mtaani kwangu mpangaji anaweza kukaa miezi minane bila yeyote kujua jina lake.

Watu wengi huchanganyikiwa wanapofika kwenye polisi jamii. Miaka miwili kabla ya Nyumba Kumi kutajwa, Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 ilikuwa tayari imeweka sehemu nzima kuhusu polisi jamii, kuanzia kifungu cha 96, na Katiba yenyewe katika Ibara ya 244 inawaagiza polisi wajenge uhusiano mwema na jamii. Kamati za polisi jamii huketi na mkuu wa kituo, yule tunayemwita OCS. Nyumba Kumi nayo hupitia kwa chifu. Ndiyo maana kata moja inaweza kuwa na kamati mbili, kila moja na mwenyekiti wake na muhuri wake, na mwananchi akiibiwa hajui akimbilie wapi. Juu kabisa sheria hiyohiyo iliweka mamlaka ya usalama ya kaunti, inayoongozwa na gavana au mtu aliyemteua, ikiwa na viti vya wafanyabiashara, wanawake, vijana, watu wenye ulemavu na viongozi wa dini. Mtaani kwetu ni nadra kumsikia mtu akiitaja.

Kamati hizi mbili zinafanana katika jambo moja. Hakuna hata moja inayompa mwanachama wake nguvu ya kukamata iliyo kubwa kuliko uliyo nayo wewe unayesoma haya.

Rizavu ni habari nyingine. Hawa ni polisi wa akiba, kikosi kilichoanzishwa na wakoloni mwaka 1948 na sasa kimo katika kifungu cha 110 cha sheria ya 2011. Ni raia wa kujitolea, wenye umri wa miaka 18 au zaidi, wanaowekwa chini ya amri ya polisi, na wanaweza kupewa bunduki ya serikali. Utawakuta hasa Baringo, Turkana, Samburu na Pokot Magharibi, mahali ambapo wizi wa mifugo unaendeshwa kwa risasi na kituo cha polisi kiko mwendo wa nusu siku. Mwaka 2019 serikali iliwanyang'anya wengi wao silaha, kisha mashambulizi yalipoongezeka ikarudi kuwaandikisha upya. Baringo inapakana na Nakuru, kwa hiyo si ajabu kusikia mtu hapa mjini akijitambulisha kuwa rizavu. Dai hilo lina namna ya kupimwa: rizavu wa kweli ana kituo kinachomjua na afisa anayemwamuru. Uliza ni kituo gani, kisha piga simu au nenda. Kujifanya polisi ni kosa la jinai, na mtu mwema hawezi kuudhika kwa kuulizwa.

Wengine niwapitie upesi. Soja wa lango si mtu wa kujitolea, ni mfanyakazi, na tangu 2016 kuna sheria inayotaka walinzi wa kibinafsi waandikishwe na wafunzwe. Askari wa kaunti, kanjo, wanasimamia sheria ndogo za kaunti kama leseni, uchuuzi na maegesho. Wapo pia watu wa kujitolea ambao hatuwaoni kwa sababu hawazunguki na tochi: wale wanaosaidia maafisa wa watoto, na wale wanaowafuatilia waliofungwa kifungo cha nje kwa niaba ya idara ya probesheni, utaratibu unaofanana na ule ulioota mizizi Japani. Wanapanda bodaboda kwa pesa zao kwenda kuona kama kijana aliyeachiliwa amerudi shuleni. Ningependa wasifiwe zaidi kuliko wanavyosifiwa.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote uko Kisumu, ufuoni Dunga. Kila ufuo wa wavuvi unatakiwa kuwa na BMU, kamati ya usimamizi wa ufuo, chini ya kanuni za mwaka 2007. BMU ina daftari la wanachama, ina uchaguzi, ina sheria ndogo zilizoandikwa na kuidhinishwa, na inaruhusiwa kukusanya ada ya kuendeshea shughuli zake. Wanachama hushiriki doria dhidi ya nyavu za macho madogo zinazozoa hata samaki wachanga. Wanaijua kila mashua, wanajua nani hutoka usiku wa manane na hurudi wapi. Wakikuta nyavu haramu wanamwita afisa wa uvuvi, ambaye ndiye mwenye mamlaka ya kisheria. BMU zina matatizo yake, na mvuvi yeyote atakueleza habari za uchaguzi uliochakachuliwa au ada isiyoonekana ilikokwenda. Lakini walau mvuvi ana karatasi ya kushika mkononi na kusema, sheria yenu wenyewe inasema hivi. Mwanangu akikamatwa na kamati ya mtaa, mimi nitashika karatasi gani?

Hapo ndipo tunapofika kwa yule kijana wa mtungi wa gesi.

Kifungu cha 34 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinamruhusu raia yeyote kumkamata mtu katika hali tatu. Ya kwanza ni pale unapomwona kwa macho yako akitenda kosa ambalo polisi wanaweza kumkamatia mtu bila kibali cha mahakama. Ya pili ni pale unapokuwa na sababu za maana za kumshuku kwamba ametenda kosa kubwa, na wizi ni mojawapo ya hayo. Ya tatu ni mwenye mali, mfanyakazi wake au mtu aliyemwidhinisha, anapomkuta mtu akiiharibu mali hiyo. Kwa hiyo jibu la kwanza kwa mama lilikuwa ndiyo, huenda walikuwa na haki ya kumkamata. Haki hiyo hawakupewa na kamati. Hata muuza maandazi wa hapo kona angekuwa nayo.

Kifungu kinachofuata, cha 35, ndicho kisichosomwa barazani. Raia aliyemkamata mwenzake lazima amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa pasipo sababu, na kama hakuna polisi karibu, ampeleke kituo kilicho jirani. Sheria haisemi amhoji kwanza, wala asubiri mwenyekiti atoke kanisani, wala amfungie stoo mpaka mzazi atafute pesa. Nguvu anayotumia isizidi inayohitajika kumzuia asitoroke. Katiba, Ibara ya 49, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku inayofuata ya mahakama kama muda huo unaangukia wikendi au sikukuu. Kila saa anayokaa stoo ni saa iliyoibwa kutoka katika hesabu hiyo, na ni saa ambayo kijana anaweza kupigwa bila shahidi.

Elfu nane nazo? Adhabu ya jinai hutolewa na mahakama peke yake. Kumfungia mtu isivyo halali ni kosa, kudai pesa kwa vitisho ni kosa, na kuomba au kupokea malipo ili kosa kubwa lifichwe ni kosa pia. Watu wa kamati walianza jioni ile wakiwa wamemshika mtu wanayemshuku kuwa mwizi. Kufikia saa tatu usiku, kwa mujibu wa sheria, wao wenyewe walikuwa na kesi tatu za kujibu.

Sitaki msomaji aelewe kwamba wazee hawafai kusuluhisha lolote. Katiba katika Ibara ya 159 inaitaka mahakama iunge mkono upatanisho na njia za jadi, mradi haki za mtu zisikanyagwe. Hata katika jinai, mahakama inaweza kuhimiza mapatano kwa makosa madogo ya kibinafsi, kama wale ndugu wawili waliopigana makofi kwa sababu ya mbuzi aliyekula mahindi. Liguru mwenye busara huokoa familia nyingi gharama na chuki za kortini. Nimemwona mjomba wangu, ambaye ni liguru, akikaa na watu kutwa nzima chini ya mwembe mpaka wakapeana mikono, na wakapeana kwa dhati.

Nimemwona pia akiketi katika kikao kingine. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimeenda nyumbani likizo. Msichana wa darasa la saba alikuwa amenajisiwa na mtu wa ukoo wa jirani. Wazee wakajadili ng'ombe mmoja na mbuzi wawili. Msichana hakuitwa. Mama yake aliketi karibu na jikoni na hakuulizwa neno. Nami, msomi wa ukoo, nilinyamaza, na kunyamaza kule bado kunaniuma.

Kwa hiyo hapa nitasema bila kuzunguka. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kosa hilo si la familia kusamehe. Likishafika kwa polisi haliwezi kuondolewa kwa sababu wazee wameelewana; uamuzi wa kuendelea au kutoendelea ni wa mkurugenzi wa mashtaka. Na muda unakimbia. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72. Siku tatu za kujadili ng'ombe ndizo hizohizo siku tatu za dawa. Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga kule Kisumu ina kituo cha kuwahudumia waliodhulumiwa kijinsia, na Nakuru Level 5 pia inacho. Liguru au kiongozi wa Nyumba Kumi ana kazi kubwa sana hapa, ila si ya hakimu. Ni kutafuta bodaboda saa hiyohiyo. Ni kumwambia mama asimwogeshe mtoto wala asifue nguo, aziweke kwenye bahasha ya karatasi, si kwenye plastiki. Ni kuhakikisha daktari amejaza fomu ya uchunguzi, na polisi wametoa P3, fomu ya ushahidi wa majeraha ambayo nayo hujazwa na daktari, na kuandika majina ya walioona kabla ukoo wa mshukiwa haujawafikia. Nambari 116 ni ya watoto, 1195 ni ya dhuluma za kijinsia, zote hazilipishwi. Mjomba wangu sasa ana nambari hizo ukutani, juu ya redio. Ilimchukua miaka.

Kuna wanaouliza kwa nini tusiwape vijana wa mtaa nguvu zaidi, kwa kuwa polisi huchelewa. Gusii, nchi ya Wakisii, imeshapita njia hiyo. Sungusungu walianza Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wasukuma na Wanyamwezi wakijilinda dhidi ya wezi wa mifugo. Tanzania iliwapa nafasi katika sheria mwaka 1989. Jina na mtindo vilivuka mpaka hadi Kuria na Kisii, lakini hapa Kenya hakukuwa na sheria ya kuwabeba wala kuwabana. Walipendwa mwanzoni, kwa sababu wezi walitoweka. Kisha wakawa wanaamua kesi za ardhi, za madeni, za wivu, na watu wakaanza kuokotwa wamekufa. Mwaka 2010 serikali ilipopiga marufuku vikundi 33, Sungusungu na Chinkororo, kundi jingine la Kisii, walikuwamo, na Baghdad Boys wa Kisumu pia. Ibara ya 239 ya Katiba inakataza mtu kuunda kikosi kinachojidai kulinda usalama wa taifa nje ya sheria. Nikitazama vikundi vya ulinzi ninavyovijua, dalili ya kwanza ya kuharibika si rungu. Ni siku wanapoanza kumwadhibu aliyekataa kutoa mchango wa ulinzi.

Upande wa pili wa jambo hili ni hatari wanayobeba hao wanaojitolea. Mtu anatoa habari kituoni asubuhi, jioni genge linamsalimia kwa jina na kumweleza alichosema. Wapo waliohama mtaa, wapo waliouawa. Sheria ya Ushahidi inasema afisa wa polisi hawezi kulazimishwa kortini kutaja aliyempa habari za uhalifu, na kuna Sheria ya Kulinda Mashahidi ya 2006. Lakini sheria haizibi mdomo wa afisa anayeuza habari. Kwa hiyo ninawasihi wanaoitisha mabaraza waache desturi ya kuwauliza watu hadharani wawataje wahalifu. Mwenye habari aende kwa afisa mmoja anayemwamini, au apige simu. Na afisa akifichua siri, au akimdhulumu mtu, malalamiko yanapelekwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi, nambari 1559.

Usiku ule nilikwenda na mama mpaka dukani. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mtu ninayemheshimu. Miaka miwili kabla, ni yeye aliyeamsha ploti nzima moto ulipowaka, akavunja dirisha na kuwatoa watoto watatu, mmoja wao mdogo wake huyohuyo kijana aliyekuwa stoo. Tochi yake alijinunulia. Buti pia. Aliniambia kwa uchungu, "Mwalimu, tukimpeleka kituoni kesho ametoka, na mwenye mtungi anatuuliza tulifanya nini." Sikuwa na la kumpinga hapo. Nilimwonyesha kifungu cha 35 kwenye simu, akakisoma mara mbili, midomo ikicheza.

Tulimpeleka kijana kituoni sisi wote, mama, mwenyekiti, mwenye mtungi na mimi. Mwenye mtungi akaandikisha taarifa, akapewa nambari ya OB, daftari la matukio la polisi. Mama naye akaandikisha kwamba mwanawe alipigwa, na mwenyekiti alisimama kando akisikiliza, kimya. Kesi ilikwenda kortini na uamuzi wake si wangu kuutangaza hapa. Tangu wakati huo mwenyekiti ana daftari la shule la kurasa themanini na sita. Kila ukurasa ameuchora mistari miwili kwa rula: upande mmoja saa waliyomkamata mtu, upande wa pili saa waliyomkabidhi kwa polisi.